Suruali ya Buluu ya Rubani

Ninyi mliobaki karakanani mmeniomba niandike kabla kichwa changu hakijaanza kuvuja, na mmeniletea hata daftari la mistari, kana kwamba mwandiko wangu hamuuamini. Sawa, nitaandika. Ila msitegemee habari za vyeo. Karakana yetu ya sanamu hapa Bulengera ilikuwa na vyeo viwili tu: Papa Kambale, na sisi wengine. Mshahara nao nauruka, maana hauna hata mistari miwili ya kuelezwa.

Siku ya kwanza niliingia nimevaa kitenge changu kizuri, msichana wa miaka kumi na tisa, nikidhani nitapewa burashi nimpake rangi Mtakatifu Yosefu. Papa Kambale, ambaye alikuwa mchongaji na mkubwa wetu, alinikabidhi sinia la maharagwe.

“Chagua,” akasema.

“Ya kupika, Papa?”

“Ya kuona.”

Mwezi mzima nilichagua maharagwe. Nilirudi nyumbani na macho mekundu, na mama yangu akawa anauliza kama kweli nimeajiriwa kwenye sanamu au kwenye jikoni la masista. Lakini ndiyo ilikuwa shule yetu. Maharagwe yanayoshuka kutoka Musienene siku ya soko yana kila aina ya kahawia, nyekundu, njano na kijivu ambayo Nyamuhanga, Muumba wetu, aliwahi kuifikiria. Mteja akija na kusema anataka joho la kahawia, hatukubaliani naye mpaka aweke kidole juu ya punje. Ukisema kahawia, wewe unaona yako na mimi naona yangu. Punje mnaiona wote wawili.

Na muwe mnayabadilisha kila msimu. Mwanga unayafanya yawe meusi polepole, kwa hiyo yanakaa kwenye mkebe wenye kifuniko. Nimeona juzi mmeyaacha dirishani. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa sherehe yangu ya kuagwa, lakini niliona.

Burashi nilijitengenezea mwenyewe, nywele za mbuzi ndani ya unyoya wa kuku, zimefungwa na uzi. Kwa macho ya watakatifu nilitumia nywele tatu. Mbili ni chache, nne zinamfanya mtakatifu aonekane amelewa.

Kulikuwa pia na sheria moja, nayo lazima niieleze kabla ya yote, kwa sababu ndiyo iliyonisababishia makosa makubwa kuliko yote ya maisha yangu ya kazi. Buluu ilikuwa ya Mama Maria. Yake peke yake. Papa Kambale aliipokea sheria hiyo kwa mzee aliyemfundisha kazi, na aliilinda kama mlango wa sakristia. Malaika walipata nyeupe, Yosefu alipata kahawia, na siku moja watu walipotaka Mtakatifu Mikaeli mwenye joho la buluu, walipewa wa kijani. Mkebe wa buluu ulikaa juu ya kabati, na mtu wa kuushusha alikuwa mmoja.

Halafu vita vikaja. Leo barabara imefungwa, kesho imefunguliwa lakini na watu wengine. Rangi zikaacha kufika. Mkebe wa buluu ukabaki mmoja, tena nusu, na Papa Kambale akautenga kwa ajili ya sanamu moja ya Bikira iliyokuwa imeagizwa na kanisa la upande wa Musienene. “Inatosha robe moja,” alisema, yaani vazi moja, “hata tone moja ya kuzidi haiko.”

Ndipo akaingia Komanda.

Jina lake lilikuwa Viktor, lakini sote tulimwita Komanda. Alikuwa mmoja wa wale marubani waliotoka kwenye nchi iliyokuwa ya Wasovieti, waliokuwa wakirusha mizigo ya wafanyabiashara wetu, kahawa ikitoka, vitambaa na baiskeli zikiingia. Mtu mwenye tumbo, nywele nyeupe, mikono mikubwa kama ya mwashi. Aliishi Beni karibu na uwanja wa ndege. Kiswahili chake alijifunza kwa wapakiaji, kwa hiyo alijua vizuri sana maneno ya kutukana na maneno ya uzito. Alikuja kwetu akitafuta gundi ya mbao. Alikuta nimeshika sanamu ya kiganja kimoja, napaka kope, akasimama pale mpaka nikamaliza jicho la pili.

“Mama,” akasema, “weye njo mutu natafuta miaka mingi.”

Papa Kambale akakohoa. Tulidhani ni posa.

Haikuwa posa. Kumbe mzee yule alikuwa na ugonjwa wa kuchonga ndege ndogo. Chumbani kwake Beni alikuwa nazo nyingi, kila moja imepigwa kwa kipimo, sentimita moja ikisimama badala ya nyingi za ndege ya kweli, mpaka misumari ya bawa imehesabiwa. Kwao kuna chama kizima cha wanaume wazima wanaofanya hivyo, na wanagombana kwa sababu ya rangi ya tairi. Nilipoambiwa hivyo nilicheka mpaka nikaweka burashi chini. Kisha nikafikiri kidogo: mimi ninayelala na mawazo ya kahawia ya Mtakatifu Fransisko, ninamcheka nani?

Alichotaka ni hiki. Alikuwa amechonga ndege ya baba yake, ile aliyoirusha wakati wa vita vyao vikubwa na Wajerumani. Baba yake aliuawa humo kabla Komanda hajazaliwa. Sasa alitaka baba mwenyewe asimame pembeni ya bawa, urefu wa kiganja, amevaa sare yake, na rangi ziwe za kweli. Alikuwa na picha moja tu. Aliitoa ndani ya karatasi tatu.

Ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kijana amesimama kando ya ndege, kofia imelala upande, shati la kijeshi limefungwa mkanda, suruali imeingia ndani ya buti. Anacheka kama mtu aliyeambiwa asicheke. Shati na suruali vilikuwa kijivu kilekile kimoja. Kwenye mguu wa kushoto kulikuwa na mkwaruzo mweupe, mwembamba, na pembe moja ya picha ilikuwa imekatika.

“Mama yangu eko hai,” Komanda alisema. “Muzee sana. Macho inaisha, iko na ukungu. Doctor anasema kisha mwaka hii ataona giza tu. Ninataka amuone bwana yake na rangi. Mara moja.”

Hapo kazi ikanishika. Niwaambie ukweli, hakuna sanamu ya mtakatifu iliyowahi kunikosesha usingizi kwa furaha namna ile. Tulimtandikia Komanda sinia la maharagwe, akapiga makofi kama mtoto. Alikuwa anakwenda likizo kwao, basi tukakubaliana: achukue punje ishirini ndani ya kijimkebe cha vidonge, ampelekee mama yake, yeye aliyeishonea ile sare vifungo kwa mikono yake, naye achague. Fikirini. Maharagwe ya Musienene yalipanda ndege tatu kwenda kuulizwa rangi ya shati la rubani wa Kisovieti. Nilitembea Bulengera yote nikimwambia kila mtu, mpaka mwuza sabuni akaniuliza kama nina homa.

Alirudi baada ya wiki sita, na punje moja imefungwa peke yake kwenye kitambaa. Ilikuwa ile ya majani makavu, njano yenye kijani kwa chini, kidogo udongo. “Hii njo chemise, shati,” alisema. “Mama alisema mara moja, hakufikiri. Na chama yetu wanasema ileile.”

“Na pantalon?” nikauliza.

Komanda akatikisa mkono. Akasimulia akicheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa na raha. Mama alikuwa amezisukuma punje zote kumi na tisa pembeni. Alisema suruali haimo humo. Suruali ilikuwa buluu, ya giza, kama wino ndani ya chupa, na kando kando kulikuwa na uzi wa rangi ya mbingu.

“Kichwa ya mama imechoka,” Komanda akasema. “Ananiita na jina ya baba. Anasahau kama amekula. Sisi wote, mimi na dada yangu, hatumuulizaka tena mambo ya zamani, inamusumbua bure. Chama wanasema ku vita ilikuwa kaki yote, juu na chini. Na ona photo: iko rangi moja!”

Niliiangalia picha. Kweli, ilikuwa rangi moja. Na nilipoinua macho, Papa Kambale alikuwa ameshasimama kati yangu na kabati.

“Photo haidanganyi,” akasema. “Kaki.”

Nami nikasema kaki. Nawaandikia ninyi kwa hiyo sitajificha: sikuiamini picha. Iliniondolea tu ugomvi wa mkebe. Rubani akiwa wa kaki, Bikira anabaki na robe yake, Papa Kambale analala, na mimi sibishani na mtu. Tulimfanya mama wa watu kuwa mtu aliyepotewa na akili, kwa sababu rangi yake ilikuwa ghali kwetu. Sidhani kuna karakana nyingine duniani ambayo ingekosea kwa njia hiyo.

Papa Kambale alimchonga yule kijana kwa mti mweupe, na tabasamu akalipata. Mimi nikapaka. Hapo Komanda alinifundisha jambo ambalo mpaka leo mnalitumia bila kujua limetoka wapi: kitu kidogo kinataka rangi iliyopunguzwa nguvu. Nilipatia ile punje barabara, sawasawa kabisa, na juu ya sanamu ya kiganja ikaonekana nzito, kama shati limelowa. Akanishika mkono, akatia nukta ya nyeupe. Shati likakauka mbele ya macho yangu. Nilipiga kelele. Papa Kambale alidhani nimejikata.

Sanamu ikaisha. Komanda akaja kuichukua Jumatano, akambusu Papa Kambale mashavu yote mawili, jambo ambalo Papa Kambale hakulizungumzia tena maishani mwake. Kazi ya Komanda huku Kongo ilikuwa imefika mwisho. Jumamosi asubuhi angeruka kutoka Beni na asingerudi. Tukaagana. Nikaosha burashi.

Alhamisi nilikwenda kwa jirani yangu kumpongeza kwa komunyo ya kwanza ya binti yake. Picha ilikuwa ukutani, imepigwa na Papa Mumbere, yule mzee wa kamera ya sanduku aliyekuwa akikaa karibu na soko. Watoto mbele; nyuma yao upande mmoja katekista, upande mwingine sanamu yetu ya Mama Maria, ile ya mapema, niliyoipaka mimi kwa mkono wangu. Nikanywa chai. Nikaangalia. Nikaweka kikombe chini.

Shati la katekista nilikuwa nalijua, alikuwa nalo moja, la kaki. Vazi la Maria lilikuwa buluu nzito. Na pale ukutani vilikuwa kijivu kimoja. Kijivu kilekile, mama yangu! Ukikata kipande cha vazi ukabandika begani kwa katekista, hakuna ambaye angejua.

Sikuaga vizuri. Nilikimbia karakanani, nikachukua kitambaa cha kaki cha kufutia, nikararua pindo la kitenge changu cha buluu, nikaenda mbio mpaka kwa Papa Mumbere.

“Papa, unipigie photo.”

“Kaa kwa kiti, mwanangu. Ya carte, ya kitambulisho?”

“Hapana mimi. Hizi bitambaa.”

Aliligusa lile pindo. “Katungu, bitambaa inaenda wapi na carte d’identité?”

Lakini alivipiga. Alitia mkono ndani ya mkono wa kitambaa wa sanduku lake, akaosha karatasi kwenye dawa, akaigeuza, akaiosha tena. Mimi nilikuwa narukaruka kama mtu anayetafuta choo. Ilipotoka, nilikuwa na picha ya kitambaa kimoja kirefu. Mshono tu ndio ulioonyesha kwamba ni viwili.

“Papier yangu, karatasi hii, inapenda bleu,” Papa Mumbere akaeleza, kana kwamba ni habari ya kawaida. “Bleu inakuwa mweupe zaidi ya vile iko. Bleu ya juu, kama ya mbingu, inakuwa mweupe kabisa. Kaki inashuka, nyekundu inakuwa nyeusi. Njo vile photo za zamani mingi zilikuwa.”

“Na watu banajua?”

“Nani aliniulizaka?”

Nilirudi kwa Papa Kambale na picha ikiwa bado imelowa. Nikamweleza yote bila kupumua. Picha ya baba wa Komanda haikusema kaki, nikamwambia. Picha ilinyamaza. Aliyesema ni yule mama peke yake, na tulimkatalia. Papa Kambale alikuwa ameketi mbele ya Bikira wa Musienene, mbao tupu, ametiwa rangi ya uso na mikono tu. Alichukua picha yangu akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akakaa nayo. Mimi nilijiandaa kupigana.

“Mama ule alisema kweli,” alisema mwishowe, “na sisi tulimufanya mwongo sababu ya mukebe.” Akapanda kigoda, akashusha buluu, akanimiminia vidole viwili kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. “Enda mbio, nisibadilishe mawazo.”

Ijumaa barabara ilikuwa imefungwa. Mchana kutwa nilikaa kwenye maegesho ya pikipiki na chupa yangu kifuani, burashi na nyeusi na nyeupe kidogo mkobani, nikiuliza kila anayepita. Jumamosi alfajiri wakasema imefunguka, nikapanda ya kwanza. Dereva alidhani nakwenda kumwona mgonjwa, maana nilimwambia afanye haraka kila tulipomaliza kona.

Kwenye kizuizi cha kuingilia Beni, mwanajeshi mmoja alitushusha. Kijana mrefu, si wa kwetu, Lingala yake ilikuwa ya mbali. Niliwahi kusoma sare yake kabla hajasoma karatasi zangu, ugonjwa wa kazi: shati la jeshi moja, suruali ya jeshi la pili, kofia sijui aliipata kwa nani. Ukimpiga picha kwa sanduku la Papa Mumbere angetoka nadhifu kabisa.

“Mama, yaka awa, kuja hapa. Iko nini ndani ya chupa?”

“Rangi.”

“Rangi ya nini? Ya kuandika nini? Ya kundi gani?” Akaifungua, akanusa, uso ukamng’aa. “Eh! Iko muzuri. Utaniandikia jina ku radio yangu.”

Alileta redio. Ilikuwa kubwa kama sanduku la bia. Nikaona herufi zake zote zikinywa buluu yangu, na kule mbele nikasikia, au nilidhani nimesikia, injini.

“Kaka yangu,” nikasema, “ile ni rangi ya Mama Maria. Bikira. Haipakwaka kitu ingine.”

Alirudisha kifuniko haraka kama aliyeshika kaa la moto. Akajifanyia ishara ya msalaba, tena mara mbili. “Juu ya nini hukusema mapema? Pita, Mama, pita. Utuombee.”

Nilipita. Sikuwa nimedanganya, ila njia nzima mpaka uwanjani nilimwomba Bikira msamaha kwa yale niliyokuwa nakwenda kufanya.

Ndege ilikuwa bado. Wapakiaji walikuwa wanaingiza magunia ya kahawa na Komanda anawatukana kwa Kiswahili safi. Aliponiona alishuka akikimbia, anadhani mtu amekufa.

“Suruali,” nikasema. “Komanda, suruali ni buluu!”

Nilimtandikia yote juu ya gunia: picha ya vitambaa, habari ya katekista, habari ya karatasi inayopenda buluu. Alisikiliza. Kisha akatikisa kichwa.

“Mama Katungu, weye mutu muzuri. Mais, lakini, hii inaonyesha inawezekana. Haionyeshe kama ni kweli. Chama wanasema kaki.”

Alikuwa na haki, na nilikasirika sana kwamba alikuwa na haki. Niliomba picha ya baba yake nikaiangalia juani. Kijana anacheka. Kofia, shati, mkanda, suruali, ule mkwaruzo mweupe kwenye mguu. Nikaufuata kwa ukucha. Ulishuka pajani, ukafika gotini.

“Hii ni nini?”

“Photo ya zamani. Imekwaruzwa.”

“Baba yako amekunja goti kidogo.”

“Ndiyo.”

“Na mukwaruzo umekunja pamoja naye.”

Komanda aliinama juu ya picha. Alipanda kwenye ndege, akarudi na kile kioo cha kukuzia alichotumia kwa misumari ya bawa, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya gunia. Uzi mwembamba, mweupe kwa sababu buluu ya mbingu hutoka nyeupe, ulikuwa unashuka kwenye mshono wa suruali, unapinda gotini, unaingia ndani ya buti. Alikuwa nao mfukoni miaka yote na kuuita mkwaruzo.

Alisema kitu kwa lugha yake. Kisha akakirudia kwa yetu, chinichini. “Mama alisema uzi. Alisema uzi, na mimi nilicheka.” Alilia bila kujificha, mtu mzima na tumbo lake, na wapakiaji wakaweka magunia chini. Mimi pia nililia, lakini mkono mmoja nilikuwa tayari nafungua chupa.

Nilipaka chini ya bawa, nimekalia kahawa. Buluu, na nyeusi kidogo mpaka iwe wino, na nukta ya nyeupe kwa sababu ya udogo. Niliichanganya na petroli kidogo ikauke haraka. Rubani mwenzake alikuwa akionyesha saa, Komanda akimwonyesha ngumi. Uzi wa mbingu niliupaka mwisho, kwa unywele mmoja, nikizuia pumzi kutoka nyonga hadi buti, mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Mkono haukutikisika. Katika miaka yangu yote ya kazi, kama mtaniuliza ni dakika gani nilikuwa fundi, nitasema zile.

Nilipoinua sanamu, ilikuwa imebadilika. Suruali ile ilimfanya awe mtu fulani. Kabla ya hapo alikuwa mwanajeshi yeyote. Komanda aliishika kwa kofia, rangi ikiwa bado mbichi, akapanda nayo hivyo, ameinyoosha mbele yake kama mtu aliyebeba mshumaa kwenye upepo. Sikumwona tena.

Bikira wa Musienene alitoka vizuri. Buluu iliishia mabegani kwa nyuma, kwa hiyo pale mgongo unapogusa ukuta ni nyeupe tupu. Mkienda kusali huko, msimgeuze.

Barua ilifika kwa mkono wa rubani mwingine baada ya miezi mingi, kwa Kifaransa cha mtu aliyejifunza kwenye redio. Papa Kambale alinisomea mara mbili. Naiweka hapa kwa maneno yetu.

“Mama Katungu,” aliandika, “nilimkalisha dirishani na kumpa sanamu mkononi bila kusema kitu. Uso hakuuona vizuri. Aliileta karibu na jicho lake zuri, akaishusha polepole, akafika kwenye suruali. Akapitisha ukucha kwenye uzi. Nikamwambia: Mama, ulikuwa na haki, nisamehe. Hakunijibu habari ya msamaha. Aliniita kwa jina langu, siyo la baba, akasema: Sasa niulize mengine. Nina miaka hamsini na kitu, Mama Katungu, na nilikuwa sijawahi kumwuliza baba alikuwa mtu gani. Nilivuta kiti. Nikamwuliza kwanza sauti ya baba ilikuwaje.”